Kinu Kimoja, Nyumba Mbili

Masomo ya juma: Mhubiri 2:18–21, 1 Mambo ya Nyakati 4:21–23, Zekaria 14:20–21

Baada ya Pasaka niliitwa kwenye kikao cha ukoo, huku kwetu milimani Usambara. Marehemu alikuwa mzee wa kanisa, na alikuwa na mashine ya kusaga iliyolisha vitongoji vitatu. Nilipofika, mgawanyo ulikuwa umekwisha. Kaka mtu alikuwa amechukua mota. Mdogo mtu alikuwa amebaki na kinu, pamoja na nyundo zake na chekeche. Mkanda sikuuona, wala sikuuliza. Kila mmoja alinieleza kwa utulivu kwamba amepata haki yake, na kwa hesabu za karatasini wote wawili walisema kweli. Tangu siku hiyo akina mama wa vitongoji vile vitatu hubeba mahindi kichwani mpaka barabara ya lami.

Sikuhubiri kitu. Nilikunywa chai, nikaomba, nikashuka. Lakini Mhubiri alishuka nami njia nzima.

Sura ile ya pili tumezoea kuisoma msibani, tukidhani habari yake ni kifo. Isome tena taratibu. Habari yake ni mirathi. Mtu yule amejenga majumba, amepanda mizabibu, amechimba mabirika ya kunyweshea miti yake, kisha usiku hapati usingizi kwa ajili ya mtu mmoja tu, yaani yule atakayeshika funguo baada yake. Atakuwa mtu wa akili au mpumbavu? Hajui, na hana wa kumwuliza. Mapokeo yanasema aliyeandika ni Sulemani. Ikiwa ni hivyo, basi hofu ile tunaijua hata jina. Iliitwa Rehoboamu, na ilipopewa ufalme haikuchukua siku nyingi kabla makabila kumi hayajakwenda upande mmoja na nyumba ya Daudi upande mwingine. Mota kaskazini, kinu kusini.

Nimekuwa nikisoma habari za nyumba mbili ambazo mpaka leo hazijagawana kinu chao. Ziko mbali, Ujerumani, katika nchi ya Westfalen. Wala si mbali sana kwetu sisi Walutheri wa Usambara. Wamisionari waliokuja huku mwaka 1891 walitumwa na chama kilichoanzishwa Berlin, na mwaka 1906 chama hicho kilihamishia makao yake Bethel, pale Bielefeld, chini ya mzee Friedrich von Bodelschwingh. Jina la Bethel bado liko midomoni mwa wazee wa Mlalo, Vuga na Lutindi. Sasa, ukitoka Bielefeld ukaenda kama kilomita 20 upande wa kusini magharibi, unafika mji wa Gütersloh, na hapo ndipo kilipo kiwanda cha Miele, watengenezaji wa majiko, oveni, friji, mashine za kuoshea vyombo na za kufulia. Niseme mapema kwamba sitangazi biashara ya mtu. Bei za mashine zile na mshahara wa mchungaji havijawahi kukutana.

Ilianza tarehe 1 Julai 1899, katika kijiji cha Herzebrock, ndani ya jengo la kinu cha zamani. Ndiyo, kinu. Carl Miele, aliyezaliwa mwaka 1869, alikuwa mtu wa mitambo. Reinhard Zinkann, aliyezaliwa 1864, alikuwa mtu wa hesabu na masoko. Walikuwa na wafanyakazi 11, mashine nne za kukereza chuma na moja ya kutobolea. Kitu cha kwanza walichotengeneza hakikuwa jiko wala friji, kwa maana umeme wenyewe ulikuwa haujafika vijijini. Kilikuwa chombo cha kutenganisha malai na maziwa.

Hapa nikae kidogo, kwa sababu chombo hicho kinanikumbusha mama. Mama alikuwa na kibuyu. Maziwa yalimiminwa humo, yakaachwa yagande, kisha jioni alikaa mlangoni akikitikisa magotini, mbele nyuma, mbele nyuma, huku anatuuliza habari za shule. Baada ya muda mrefu mlio ulibadilika. Kile kilichokuwa kinapiga chubwi kilianza kupiga tu, kizito, na mama alijua siagi imejishika. Sisi watoto hatukuisikia tofauti ile. Yeye aliisikia hata akiwa anazungumza.

Sasa wakulima wa Westfalen walikuwa na shida yao. Mafuta ya maziwa ni mepesi kuliko maji yake, basi ukiyaacha maziwa yatulie katika bakuli pana, malai hupanda juu yenyewe, lakini inachukua usiku kucha, na siku za joto maziwa huchacha kabla malai hayajamaliza safari. Mwaka 1878 Msweden Gustaf de Laval alipata njia ya mkato. Ukiyazungusha maziwa kwa kasi kubwa ndani ya chombo cha chuma, sehemu nzito inakimbilia ukingoni na malai yanabaki karibu na kitovu, kila kimoja kinatoka kwa mdomo wake. Kilichohitaji usiku mzima kikawa kazi ya dakika. Miele na Zinkann hawakugundua jambo hilo. Walichofanya ni kulitengeneza vizuri na kuliuza kwa wakulima wa jirani, wakaliita Meteor, yaani kimondo.

Aliyenunua chombo cha malai kesho yake anataka chombo cha siagi. Wakatengeneza pipa la mbao lenye mkono wa kuzungusha na makafi ndani yake. Na hapo ndipo mtu mmoja karakanani, jina lake halikutufikia, lazima alisimama akalitazama pipa lile na kuwaza kwamba kinachosukasuka malai kinaweza kusukasuka mashati. Mwaka 1901 wakatoa mashine ya kufulia ya mbao, mdogo wake lile pipa la siagi. Ukitazama picha za mashine zile za mwanzo, undugu unauona wazi, kama unavyouona uso wa babu kwa mjukuu.

Akina mama wanaosoma tafakari hii hawahitaji kuelezwa kufua ni nini. Wanaume ndio tunaohitaji. Shuka za nyumba ya watu wanane, maji ya kisima, sabuni ya mche, na jiwe. Nimewahi kusikia mahubiri marefu juu ya Martha aliyehangaika na kazi nyingi, na mhubiri siku zote ni mwanamume ambaye shati lake limefuliwa na mtu mwingine. Sijasikia hata moja lililouliza ni nani alipaswa kumpunguzia Martha mzigo. Karakana ya Herzebrock, bila kukusudia kuhubiri, iliuliza.

Biashara ikakua. Mwaka 1907 wakahamia Gütersloh, mahali penye nafasi na njia ya reli. Wakatengeneza mikokoteni ya mbao ya kukokotwa kwa mkono. Kati ya mwaka 1912 na 1914 wakajaribu hata magari, yakafika 143, kisha wakaacha wakarudi kwenye mapipa yao. Nawasifu zaidi kwa kuacha kuliko kwa kujaribu. Gari ndiyo ilikuwa fahari ya zama zile, na hakuna mjukuu ambaye asingependa kusema babu yangu alitengeneza magari. Baadaye wakaunda baiskeli na pikipiki pia, na hizo nazo wakaziacha zilipofika miaka ya sitini. Mwaka 1927 ikaja mashine ya kufyonza vumbi. Mwaka 1929 wakatoa mashine ya umeme ya kuoshea vyombo, ya kwanza Ulaya, mwaka uleule soko la hisa la New York lilipoanguka na watu wakakosa hata cha kuweka kwenye hivyo vyombo.

Tangu mwanzo kabisa walichapa maneno mawili juu ya mashine zao, Immer besser, maana yake daima bora zaidi. Mtu anaweza kucheka na kusema kila mwenye duka huandika maneno ya namna hiyo ukutani. Ni kweli. Huku kwetu kuna kibanda cha chipsi kimeandikwa Ubora Kwanza, na mafuta yake yamefanya kazi tangu uchaguzi uliopita. Lakini hawa walijifunga kwa kipimo. Mashine zao za kufulia hujaribiwa viwandani kana kwamba zimetumika nyumbani miaka 20. Yaani wanaijaribu kwa kumwazia mtu ambaye leo bado ni mtoto, atakayeikuta ingali inazunguka siku ya harusi yake.

Kuna andiko ambalo huwa linanijia nikiona maandishi juu ya chombo cha jikoni. Nabii Zekaria, mwisho kabisa wa kitabu chake, anaiona siku ambayo maneno yaliyokuwa kwenye kilemba cha kuhani mkuu yataonekana kwenye njuga za farasi, na masufuria ya kupikia ya Yerusalemu na Yuda yatakuwa matakatifu sawa na mabakuli ya madhabahuni. Hebu fikiri. Nabii ametangaza vita, matetemeko na Mlima wa Mizeituni kupasuka katikati, halafu anamalizia jikoni, na sufuria. Kwa hiyo sidhani ninashusha hadhi ya tafakari hii nikizungumza humu habari za pipa la siagi.

Turudi kwenye funguo.

Carl Miele alifariki mwaka 1938, Reinhard Zinkann mwaka 1939. Kwa kawaida ya dunia, hapo ndipo mota na kinu huachana. Fikiria hali ilivyo: si ndugu wa baba mmoja wanaoweza kukemewa na shangazi, ni koo mbili zisizo na damu moja, kila moja na wake, wakwe na watoto wake, na kila moja ikiamini, nina hakika, kwamba babu yao ndiye aliyefanya kazi kubwa zaidi. Lakini Carl mdogo alikaa kitini na Kurt Zinkann akakaa kando yake. Baada yao Rudolf Miele na Peter Zinkann. Kisha wakaja Markus Miele na Reinhard Zinkann, aliyepewa jina la babu wa babaye. Vizazi vinne, viti viwili, kila ukoo kiti kimoja. Hisa haziuzwi sokoni. Nyumba ya Miele ina asilimia 51 na kitu kidogo, ya Zinkann karibu 49.

Iangalie hesabu hiyo vizuri, wapendwa. Asilimia 51 inatosha kumshinda mwenzako kila siku, asubuhi na jioni. Halmashauri za sharika zetu zimewahi kupasuka kwa tofauti ndogo kuliko hiyo. Hawa walijiwekea desturi kwamba mambo makubwa yaamuliwe kwa kukubaliana wote wawili, si kwa kuhesabu hisa. Nguvu ipo kabatini, nao wanajua ipo, na kabati halifunguliwi. Sielewi yote yanayoendelea ndani ya nyumba zile, na sidhani wanapendana kila siku. Naona tu kwamba wameelewa kitu ambacho kaka mtu na mdogo mtu wa kijiji chetu hawakuelewa, kwamba mota bila kinu haisagi hata punje.

Jambo la pili ndilo lililonigusa zaidi kama baba. Mtoto wa nyumba zile hapewi kiti kwa sababu amezaliwa nyumba ile. Kwanza asome. Kisha aende akafanye kazi kwa watu wengine, ambako hakuna anayemwita bwana mdogo, aonekane amefaulu huko. Ndipo apimwe, na wanaompima si mama yake. Ikiwa hafai, atabaki na hisa zake na atapata mgawo wake, lakini funguo hatazishika.

Mhubiri angelala usingizi usiku ule kama angekuwa na utaratibu kama huo. Sulemani alikuwa na hekima ya kuamua kesi ya mtoto wa watu, lakini hatusomi popote kwamba alimtuma Rehoboamu akapige matofali kwa mwaka mmoja chini ya msimamizi. Na sisi? Tunamwandikia kijana urithi siku ya kipaimara, kisha tunashangaa akiuza ng'ombe. Tena kwenye ukoo wetu binti hata kupimwa hapimwi. Niseme hapa kwamba nyumba zile za Gütersloh nazo hazijatupita sana. Vizazi vyote vinne, waliokalia viti vile viwili ni wanaume. Binti za Selofehadi walikwenda kwa Musa mbele ya mkutano mzima kudai urithi wa baba yao, na Bwana akasema wana haki. Kesi hiyo imo katika kitabu cha Hesabu sura ya 27, imehukumiwa zamani sana, na bado kila kikao cha ukoo kinaianza upya kana kwamba haikuwahi kusikilizwa.

Sasa inabidi niseme jambo ambalo ningependa kuliruka, kwa sababu hadithi ingekuwa tamu zaidi bila hilo.

Waanzilishi walipolala, Ujerumani ilikuwa chini ya Hitler, na vita ikaja. Kiwanda cha mashine za kufulia kikatengeneza zana za vita. Na kama viwanda vingi vya nchi ile wakati ule, kilitumia watu waliolazimishwa, waliotolewa makwao bila hiari yao. Walifanya kazi katika kiwanda kilekile kilichochapa maneno yale ya daima bora zaidi.

Katika kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya nne, katikati ya majina ambayo hakuna mzee wa kanisa anayependa kupangiwa kuyasoma, kuna koo za mafundi. Wapo watu wa bonde la mafundi. Ipo nyumba ya wafumaji wa kitani. Wapo wafinyanzi, na mwandishi anaeleza kwamba walikaa kule kwa mfalme wakimfanyia kazi yake. Nilikuwa naupenda sana mstari huo wa 23. Ulinionyesha kwamba ukoo unaweza kuingia katika Maandiko kwa sababu ya vyungu. Lakini siku hizi nikiusoma najiuliza swali ambalo mwandishi hakulijibu: mfalme yupi? Maana wafalme wa Yuda walikuwa wa kila aina, na mfinyanzi alikaa palepale, gurudumu lake likazunguka, Hezekia akaondoka, Manase akaingia. Chungu kizuri hakiulizi kimewekwa nini ndani yake. Mfinyanzi anapaswa kuuliza.

Kinachonifanya nisikifunge kitabu hiki cha Gütersloh ni kwamba wajukuu na vitukuu hawakuufunga ule ukurasa. Nyaraka za kampuni zilifunguliwa, na mwaka 2023 mwanahistoria Andrea Schneider-Braunberger akatoa kitabu kizima juu ya kiwanda chao katika miaka ya Hitler. Mtu anaweza kusema wamechelewa. Wamechelewa. Wengi wa waliolazimishwa walikuwa wamekwisha kufa, na kitabu hakimrudishii mtu ujana wake. Lakini nimeketi katika vikao vingi vya mirathi, na orodha huwa na shamba, nyumba, ng'ombe, bati, hata sufuria. Sijawahi kuona orodha yenye mstari unaosema: na hili ni deni la baba kwa mjane wa bondeni, ambalo sisi sote tunalijua. Tunarithi mali ya wazee na kuyazika madeni yao pamoja nao, tena tunaita hiyo ni heshima.

Danieli alikuwa bado hajazaliwa, au alikuwa mtoto, wakati makosa mengi ya Yuda yalipofanyika. Lakini soma sala yake katika sura ya tisa. Hasemi wao. Anasema sisi, tena na tena, wafalme wetu, baba zetu, sisi. Hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa mzee mwenye cheo uhamishoni, angeweza kabisa kuomba kama mtu safi anayewaombea wachafu.

Wala hadithi haijatulia. Mwaka 2024, mwezi wa Februari, kampuni ilitangaza kwamba biashara imedorora na gharama zimepanda, na kwamba mashine za kufulia za nyumbani zitaundwa katika kiwanda chake cha Ksawerów, Poland. Kazi zipatazo 700 zingehama Gütersloh. Nilipoisoma habari hiyo niliwaza kwamba tunapozungumza kiwanda cha familia huwa tunahesabu familia zenye jina mlangoni. Wale 11 wa mwaka 1899 nao walikuwa na familia. Mji mzima umesuka maisha yake juu ya gurudumu lile, baba akimwonyesha mwanawe geti la kuingilia asubuhi, na hisa ya mtu wa namna hiyo haiandikwi popote. Sina hukumu. Sijui hesabu zao, na mtu wa Ksawerów naye ana watoto na anaomba riziki yake ya kila siku kwa Baba yuleyule. Ila najua kwamba hilo lilikuwa moja ya mambo ambayo nyumba mbili ziliketi mezani zikakubaliana, na kwamba kukubaliana kwenyewe hakukumfanya aliyepoteza kazi alale vizuri zaidi.

Nimemaliza ya Westfalen. Ya kwetu bado.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tulikuwa na mnada kama kawaida. Ndizi, magimbi, jogoo mmoja mkorofi, maziwa ya chupa, na kikapu cha mayai. Mzee anayenadi, mwenye mdomo mrefu kuliko mahubiri yangu, alitangaza kwamba mayai haya yametoka kwa yule mdogo mtu mwenye kinu, na kwamba kuku ametagia ndani ya kinu chenyewe, kwa kuwa siku hizi hakina kazi nyingine. Watu walicheka. Mwenye kinu alicheka pia, lakini kwa mdomo tu.

Bei ilianza na elfu mbili. Mama mmoja akasema elfu tatu. Mimi nikasema elfu tatu na mia tano, maana siagi nilikuwa nayo na mayai sikuwa nayo. Ikanyamaza. Mnadi akaanza kuhesabu, mara ya kwanza, mara ya pili, na kutoka nyuma kabisa, karibu na mnara wa kengele, mkono ukanyooka. Alikuwa kaka mtu.

"Elfu kumi," akasema. Kisha, kabla mnadi hajafungua kinywa, akauliza kwa sauti ambayo haikuelekezwa kwa mnadi, "Na huyo kuku, akiamua kuhama, atahitaji siku ngapi?"